Mti wa Kuanikia Nguo

Mzee Kilonzo wa Marungu hakuwa msemaji. Kuhusu mvua alikuwa na maneno machache, kuhusu siasa machache zaidi, lakini akianza habari za binti yake ilibidi utafute pa kukaa. Ukikutana naye kanisani, ukikutana naye anatafuta mbuzi aliyepotea, lazima ungeambiwa: "Mutindi wangu yuko Voi. Anafundisha roboti za jeshi kuona." Akishasema hivyo ananyamaza, anakutazama usoni, anangoja ushangae. Usiposhangaa, anarudia.

Watu walishangaa, wengine kwa adabu tu. Wapo waliomtania wakitaka kujua kama roboti hizo zinaweza kukesha shambani kufukuza ndovu wasile ndengu. Mzee hakuona utani. Aliahidi kumuuliza Mutindi, na kweli akamuuliza, na Mutindi akacheka kwenye simu mpaka machozi yakamtoka.

Tena mzee hakuwa anatia chumvi. Ofisi ya Mutindi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa karibu na soko la Voi, chumba kirefu chenye feni ya uvivu na kompyuta zilizopangwa kufuata ukuta. Kampuni yao ilitengeneza roboti za kulinda kambi za wanajeshi: kigari cha magurudumu sita, kimo chake kama mbuzi, chenye shingo ndefu na kamera juu yake. Kigari hakikubeba bunduki. Kazi yake ilikuwa kumtambua mtu mwenye silaha angali mbali, kumwamuru asimame, na kuwaita askari wenye bunduki. Lakini mashine haizaliwi ikijua jembe ni nini na bunduki ni nini. Inaonyeshwa picha, maelfu kwa maelfu, na kwa kila picha lazima awepo binadamu wa kuiambia anachokiona. Binadamu hao ndio akina Mutindi. Picha inatokea kwenye skrini, unachora kisanduku kuzunguka kitu alichobeba mtu, unachagua neno: mzigo, au silaha. Inatokea nyingine.

Kila picha ilipitia mikononi mwa watu kadhaa, na jibu la wengi ndilo lililohesabiwa kuwa sahihi. Ukilingana nao unapata alama ya kijani. Ukitofautiana nao unapata nyekundu, na mwenye nyekundu nyingi huitwa pembeni na kuagwa kwa upole. Hakuna aliyeuliza itakuwaje siku wengi wakikosea. Kazi ilikuwa ya kwenye kivuli, na Voi kazi ya kwenye kivuli haiokotwi njiani.

Siku moja zikaja picha zilizopigwa hapo hapo nyumbani, kando ya barabara ya Mraru. Katika mojawapo mwanamume alikuwa anatembea na kitu kirefu begani, upande wa mbele mnene, umefungwa gunia. Mutindi hakuhitaji kutazama mara mbili. Mkonge ukizeeka huchipua shina refu katikati, na shina hilo likikauka huwa jepesi, linabebeka, na watu hulijengea mazizi, vyoo, na kwa wengi nyumba yenyewe. Mwisho wake mnene huliwa na wadudu, ukamwaga unga. Kwa hiyo mtu mwenye adabu akiupitisha mti kama huo mbele za watu, huufunga gunia ili asiwachafue. Mutindi alizaliwa chini ya paa la miti hiyo. Akachagua mzigo.

Nyekundu. Ikaja ya pili, mwanamke na mti wake, naye Mutindi akachagua mzigo. Nyekundu tena.

Hillary, msimamizi wao aliyeletwa kutoka Nairobi, akaiweka ile picha kwenye skrini kubwa ya ukutani. Hakuwa mtu mbaya Hillary. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: alipenda kuchekesha watu, na alipenda zaidi wakicheka kwa gharama ya mtu.

"Wasee, kuna mtu humu ndani anasema hii ni mzigo," alisema. "Hebu mniambie, mzigo gani? Hii ni kombora, bana! Ama huku kwenu mnajenga nyumba na mabua?"

Chumba kikaangua kicheko. Khairat, aliyekaa jirani na Mutindi, hakucheka. Alikuwa binti wa wenye duka hapo Voi, amekulia nyuma ya kaunta, mambo ya mashambani akiyaona kwa mbali tu. "Lakini hii si ile miti ya mkonge?" aliuliza. "Mutindi, wewe si watoka Marungu? Hebu tueleze, mwenzangu."

Macho yote yakamgeukia. Mutindi akaiona nyumba yao kama ambavyo wao wangeiona: ile miti iliyotobolewa na wadudu, ule unga unaodondokea sufuria, ndoo zilizopangwa chini mvua ikinyesha.

"Mimi siijui," alisema. "Kwetu nyumba ni ya mawe."

Basi, ndivyo lilivyotoka. Hakuna aliyemlazimisha. Tangu hapo kila mti wa mkonge uliopita mbele yake aliuchorea kisanduku na kuandika silaha, na kila mara alama ilikuwa ya kijani. Mwanzoni mkono ulikuwa mzito. Baadaye ukazoea, kama mikono inavyozoea kila kitu, hata kitu cha kijinga.

Wakati huo huo baba yake alikuwa na shughuli nyingine kichwani. Mutindi alikuwa amelalamika kwenye simu, bila kutaka chochote, kwamba kamba yake ya kuanikia nguo pale alipopanga imelegea, shuka zinaburura mchangani.

"Hiyo inataka mti wa kuinua katikati," mzee alisema. "Nitakuletea, mama."

Alimwita mama kwa sababu binti huyo alikuwa na jina la mama mzazi wa mzee. Mutindi wa kwanza alikufa kabla huyu hajazaliwa, na Kilonzo, kama Wakamba wengi walio na binti aliyepewa jina la bibi yake, hakuwahi kumwita vingine tangu yuko kwenye nepi. Mama njoo, mama kula, mama umefaulu mtihani.

"Usihangaike, Baba," Mutindi alimjibu. "Nitanunua wa chuma."

Ikafika siku ya kuonyesha roboti. Maofisa wa jeshi walikuwa waje kuiangalia kabla ya kuzichukua zote kwenda mpakani, na kampuni ikatangaza redioni kwamba wananchi wote wanakaribishwa uwanjani Voi kujionea. Mutindi alimwambia baba yake kwamba ni mkutano wa wakubwa tu. Alijua angekuja na lile koti la kanisani, na hadithi zake, na angemweleza kila mtu ni nani kazaa nani. Alichosahau ni kwamba mzee ana redio.

Siku hiyo Mutindi alikaa kwenye hema, safu ya pili, amevaa fulana mpya ya kampuni. Hillary alikuwa kulia kwake na Khairat kushoto. Mbele yao walikaa maofisa, mkubwa wao meja mwenye sauti ya chini. Watu walijaa nyuma ya kamba iliyozungushwa uwanjani, simu juu. Vijana waliokodiwa walipita mmoja mmoja mbele ya roboti. Wa kwanza alibeba mtungi wa maji, roboti ikamwacha. Wa pili alibeba jembe, ikamwacha. Wa tatu alikuwa na bunduki ya mbao chini ya shuka. Roboti ikageuza shingo, ikawasha taa nyekundu, ikapiga king'ora, na sauti ya kike ikasema, "Simama hapo ulipo. Una silaha. Weka chini, ulale kifudifudi." Sauti hiyo ilikuwa ya Khairat. Kampuni ilimchagua kwa Kiswahili chake. Watu walipiga makofi, na hata meja akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Makofi hayajaisha, roboti ikageuza shingo yenyewe.

Kutoka upande wa lango mtu alikuwa ameinama akapita chini ya kamba. Koti la kanisani, kofia, viatu vimepakwa rangi. Begani alikuwa na mti wa mkonge uliokatwa vizuri, umenyooka, mwisho wake mnene umefungwa gunia safi na kukazwa kwa kamba. Alikuwa anatafuta mtu kwa macho. Roboti ikamkimbilia na taa yake nyekundu, ikasimama mbele yake, ikainua shingo kuelekea usoni.

Mzee Kilonzo akatabasamu. Mungu wangu, alitabasamu! Alidhani imemtambua. Mashine iliyofundishwa na binti yake, ingekosaje kumjua baba wa mwalimu wake? Akainua mkono wake huru, akaisalimia.

"Habari yako," alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. "Mimi ndiye…"

King'ora kikammeza. "Simama hapo ulipo. Una silaha." Askari wawili waliokuwa zamu, hawa wakiwa na bunduki za kweli, walishakuja mbio wakipiga kelele. Mmoja alimnyang'anya mti, mwingine akamshika bega akamsukuma chini. Mzee hakubisha. Alilala kifudifudi kwenye vumbi jekundu, kofia imemtoka, mikono kichwani kama alivyoambiwa.

"Mama!" aliita. "Mama!"

Uwanja ukacheka. Mzee mzima, mvi kichwani, anamlilia mama yake! Walicheka mpaka wengine wakashikana. Kati ya watu wote wale mmoja tu ndiye aliyejua nani anaitwa, naye alikuwa ameketi kwenye hema, amekamata ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Meja akasimama. "Mwacheni kwanza," alisema. Kisha akageukia hema. "Huyu mzee ni nani? Kuna mtu anamjua hapa?"

Mutindi alitaka kusimama. Tusimnyime haki yake, alitaka. Lakini Hillary alikuwa pale, na fulana mpya ilikuwa pale, na kile kicheko kilikuwa bado hakijaisha, na kusimama ilikuwa ni kusema yule aliyelala chini ni wangu, na ule mti ni wetu, na nyumba yetu si ya mawe. Akatazama chini.

Alipoinua macho, yakakutana na ya baba yake. Mzee alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye vumbi na alikuwa amemwona, fulana na yote. Halafu akamgeukia meja.

"Hapana, mkubwa," alisema. "Mimi sijui mtu hapa. Nimekuja tu kuona hii mashine."

Wakamwinua. Askari aliyekuwa na mti akaufungua gunia, akaupiga kwenye goti lake, ukakatika vipande viwili kama muwa mkavu. Unga mweupe ukamwagika kwenye viatu vyake. Watu wakacheka upya.

"Ni mti tu," meja alisema, bila kucheka. "Kwa nini mashine haikujua?"

Hillary alikuwa tayari na jibu. "Mheshimiwa, ni mti wa ajabu, haujulikani. Afadhali ishuku bure kuliko iache kushuku. Hata hawa vijana wangu wa hapa hapa walishindwa kuutambua." Akamgeukia jirani yake. "Si ndiyo, Mutindi?"

Mzee Kilonzo alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, anakung'uta koti. Alipolisikia jina hilo mikono yake ikatulia.

Mutindi akaitikia kwa kichwa.

Mzee akaokota kofia. Akaokota na gunia, akalikunja, akalitia mfukoni, maana gunia zima halitupwi. Vile vipande vya mti aliviacha. Akapita chini ya kamba alikotokea na kwenda zake.

Jumapili Mutindi alikwenda Marungu. Njiani alipanga maneno ya kusema, akayapangua, akayapanga tena. Alipofika alimkuta mama yake, Syokau, anachambua ndengu mlangoni, amejaa furaha.

"Baba yako amerudi na habari!" alisema. "Eti mashine ilimwacha kila mtu ikaja mpaka mbele yake, ikasimama. Eti inaongea na sauti ya msichana wa adabu. Jana usiku kucha hatukulala hapa kwa hiyo hadithi. Lakini ameanguka akachafua koti, na hataki nilifue. Amelifua mwenyewe."

Koti lilikuwa limeanikwa kwenye ua, mkono mmoja bado una alama ya vumbi jekundu lililokataa kutoka. Mutindi alilitazama kutoka mezani, akashindwa kula chakula alichoandaliwa. Juu ya kichwa chake ilikuwa ile miti ya paa, na unga wake ulidondoka kidogo kidogo mezani, kama siku zote.

Alimkuta baba yake zizini, anakaza kamba za uzio. Akasimama nyuma yake.

"Baba, nisamehe."

"Kwa nini?" Mzee hakugeuka. "Jua lilikuwa kali. Hukuniona."

"Nilikuona."

Mzee akaendelea kuifunga ile kamba, ingawa ilikuwa imeshakazika. "Basi usimwambie mama yako," alisema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Kama ni ule mti ulikuaibisha, ungeniambia, mama. Ningetafuta wa chuma."

Mutindi alilia pale zizini bila kujificha. Alijionea aibu jinsi ambavyo hajawahi kujionea, aibu ya kutaka kuivua ngozi na kuitupa. Na baba yake, badala ya kumkaripia, alimwambia mbuzi wanaogopa kelele, aende akanawe uso.

Jumatatu kazi ikaanza kama kawaida. Feni ilizunguka. Picha zikaja. Zilikuwa picha za uwanjani, zile zilizopigwa na roboti yenyewe, zimerudishwa ili watu wathibitishe kwamba mashine iliona sawasawa. Mtungi, mzigo. Jembe, mzigo. Kisha skrini ya Mutindi ikamletea baba yake.

Roboti ilikuwa imempiga picha kutoka chini, karibu kabisa, kabla tu ya king'ora. Koti la kanisani lilikuwa limenyooshwa pasi mpaka mistari inaonekana. Mti ulikuwa begani, umezungushiwa kisanduku chekundu, na juu ya kisanduku neno silaha. Wenzake walikuwa wameshapita hapo na kukubali. Kilichobaki ni yeye kubonyeza.

Akalifuta lile neno. Akaandika mzigo. Ikatokea nyekundu: jibu lako halilingani na la wengi. Akaandika tena. Nyekundu.

Mutindi akasimama. Kiti kilianguka nyuma yake, na chumba kizima kikageuka.

"Huyu ni baba yangu," alisema. "Anaitwa Kilonzo. Huu ni mti wa mkonge, alikuwa ananiletea wa kuinulia kamba ya nguo. Nyumba yetu haina hata jiwe moja, imejengwa kwa miti hii. Niliijua tangu siku ya kwanza. Zile zote nilizoandika silaha nilijua ni miti. Tuzirekebishe, Hillary. Zote. Niko tayari kuzirudia peke yangu."

Hakuna aliyecheka. Khairat alikuwa ameweka mkono kinywani. Alimtazama mzee kwenye skrini, na pengine alikuwa anaisikia sauti yake mwenyewe ikimwamuru alale chini.

Hillary alikuja polepole mpaka kwenye kompyuta. Kwa mara ya kwanza tangu afike Voi hakuwa na la kuchekesha. Akainama kuitazama ile picha.

"Roboti zimeenda," alisema hatimaye. "Meja aliridhika. Zilipakiwa jana, saa hii ziko njiani kwenda mpakani. Tunaweza kurekebisha kwa zile zitakazofuata. Hizi zimeenda hivyo."

"Na huko mpakani," Khairat aliuliza kwa sauti ndogo, "watu hawabebi miti?"

Hillary alinyooka, akamtazama Mutindi, na hakukuwa na ukali usoni mwake, ila kutoelewa tu.

"Alikuwa pale chini mbele yako," alisema. "Meja aliuliza. Hata mimi nilikuuliza. Mbona hukusema?"

Mutindi akageuka kuitazama ile picha. Kwenye skrini mzee alikuwa bado ameinua mkono, anatabasamu, akiamini ametambuliwa.